Baridi Inavyounguza Mimea

Siku moja ya Julai tulikuwa darasani hapa Bagamoyo, tunasoma bei za sokoni. Simu ya mama mmoja, mwanakisomo wetu, ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mwanawe aliyekwenda kulima viazi mviringo upande wa Njombe. Mama akausoma mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno: "Mama, viazi vimeungua na baridi. Ning'oe au ningoje?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Tangu lini baridi ikaunguza? Huyo kijana kala hela yako huyo!" Mama hakucheka. Hela ya kukodi lile shamba ilitoka kwenye nazi zake, nazi za mwaka mzima.

Kijana hakusema uongo. Baridi huunguza kweli, na jani lililoguswa nayo hugeuka jeusi kama lililopitiwa na moto. Kwa kuwa watu wengi wa pwani siku hizi wanapeleka akiba zao Njombe na Makete, wengine katika viazi, wengine katika parachichi, tumeona tulieleze jambo hili tangu mwanzo.

Tuanze na umande, maana huo tunaujua. Wakati wa kipupwe, amka alfajiri siku ambayo hakuna wingu na upepo umetulia. Utakuta mabati yanadondosha maji, na nyasi zimelowa. Mvua haikunyesha. Ni kwamba ardhi, mabati na majani hupokea joto la jua mchana, na usiku joto hilo hutoka likapanda juu angani. Kukiwa na mawingu, hulizuia kama blanketi. Kusipokuwa na mawingu, joto linakwenda zake, vitu vinapoa, na unyevu ulio hewani unatua juu yake ukawa matone. Ukitazama chini ya mwembe utaona nyasi za pale zimelowa kidogo tu. Mwembe nao ni blanketi.

Sasa tuupeleke usiku huo huo milimani. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi za sentigredi. Usiku wa Julai hapa pwani, joto hushuka mpaka nyuzi 18 au 19. Mji wa Njombe uko juu karibu mita 2,000. Haya, chukua kalamu: 18 toa 12, zinabaki 6. Hiyo ni hewa tu. Jani lililo wazi chini ya anga safi hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka. Basi usiku mmoja jani hufika sifuri, na hapo maji huganda. Asubuhi mkulima anakuta shamba jeupe, kama mtu aliyemwaga chumvi ya Nunge juu ya majani. Hiyo ndiyo jalidi. Wengine huiita sakitu. Katika uwanda wa Kitulo, Makete, ulio juu zaidi ya mita 2,600, hutokea sana kati ya Juni na Agosti.

Lakini jalidi haifuati kalenda. Inafuata anga. Mwezi wa Januari 2012, wakati sisi huku tunatokwa jasho la kaskazi, jalidi iliunguza mashamba ya chai huko Kericho, Kenya. Kericho iko karibu sana na ikweta! Januari kule ni kiangazi, anga huwa halina mawingu, na nchi iko juu. Hayo yanatosha.

Je, barafu inauaje jani? Jani limejengwa kwa vyumba vidogo vidogo mno, ambavyo macho hayavioni. Vinaitwa seli, na kila kimoja kina maji ndani. Maji yakiganda huvimba. Aliyesahau chupa ya soda ndani ya friza anajua: hupasuka. Katika jani, barafu huanza nje ya vile vyumba, ikavuta maji yaliyo ndani, vyumba vikanyauka. Baridi ikizidi, barafu huingia ndani ikavipasua kuta. Jua likichomoza barafu inayeyuka, maji yanavuja, jani linalegea na kuwa jeusi. Ukitaka kuona kwa macho yako, mwombe muuza barafu wa mtaani akuwekee jani la mchicha kwenye friza usiku mmoja. Asubuhi liache liyeyuke. Litakuwa kama limechemshwa.

Sasa mbona kabichi ya shamba lile lile haikufa? Hapa pana jambo zuri. Maji matupu huganda kwenye sifuri, lakini maji ya bahari hungoja mpaka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, kwa sababu yana chumvi. Sukari nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Kabichi na karoti, zikipata baridi ya pole pole usiku baada ya usiku, huongeza sukari ndani ya seli zake. Ndiyo maana kabichi iliyoonja baridi ni tamu zaidi. Pareto nayo haiogopi baridi, tena bila baridi haitoi maua vizuri. Nyanya, maharage, mahindi na migomba hazina ujuzi huo. Viazi mviringo viko katikati, ila majani yake ni dhaifu: joto likishuka kidogo tu chini ya sifuri, yanaungua.

Neno kubwa hapo ni "pole pole". Mmea uliozoeshwa baridi taratibu huvumilia. Mmea uliokuwa ukistarehe katika joto, umetiwa mbolea ya urea juzi, majani laini yanang'aa, ukishtukiziwa na jalidi ya mapema huanguka mara moja. Kwa hiyo urea isitiwe msimu wa baridi ukiwa mlangoni.

Mabingwa wa kazi hii wako Kilimanjaro, juu kabisa kuliko msitu, ambako karibu kila usiku kunaganda. Huko huota lobelia kubwa, mmea unaozidi kimo cha mtu. Jioni hukunja majani yake kulifunika chipukizi lake la katikati, kama kuku anavyofunika vifaranga. Tena katikati ya majani yale huhifadhi maji. Usiku maji ya juu huganda yakawa kifuniko, ya chini yasigande, na chipukizi limo humo salama. Jirani yake, seneshio, haangushi majani makavu. Huyaacha yaning'inie shinani kama koti. Hakuna aliyeifundisha mimea hiyo.

Turudi kwa kijana wetu, maana kosa lake ni kosa ambalo hata sisi tungelifanya. Alikodi shamba la bondeni. Kwa mtu wa pwani, bonde ni mali. Nani asiyetaka kipande katika bonde la Ruvu? Lina maji, lina rutuba, mpunga unakubali. Huko Njombe pia watu hulima mabondeni wakati wa kiangazi, bustani wanazoziita vinyungu, na hupata mavuno kweli. Lakini hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto. Fungua mlango wa jokofu ukiwa pekupeku. Baridi unaisikia wapi kwanza? Miguuni. Vivyo hivyo usiku milimani, baridi huteremka kwenye miteremko kama maji, ikajaa chini bondeni. Shamba lililo juu kidogo, kimo cha minazi michache tu, laweza kupona wakati la bondeni limeteketea. Hata ua mnene uliokatiza mteremko huizuia baridi kama tuta linavyozuia maji, na mimea iliyo upande wa juu wa ua ndiyo inayoumia. Wenyeji wa kule wanayajua mabonde yao, lipi la kupanda mapema na lipi la kungojea. Mgeni anayekuja mchana, jua linawaka, ardhi nyeusi imelala, hawezi kuyaona hayo. Na kama bei ni rahisi, ndiyo kabisa! Aulize kwanza: jalidi huanguka wapi hapa? Amuulize jirani, siyo mwenye shamba peke yake.

Aliyekwisha panda naye ana la kufanya. Anga likiwa safi na upepo umelala, amwagilie mchana, kwa kuwa ardhi yenye maji hushika joto kuliko ardhi kavu. Wakulima wa kale kando ya ziwa Titicaca, huko Peru na Bolivia, walichimba mifereji ya maji kuzunguka matuta ya viazi kwa sababu hiyo hiyo. Maji hunywa jua mchana, usiku yakarudisha joto. Bahari yetu hutufanyia hivyo bure. Miche michache inaweza kufunikwa kwa nyasi au magunia jioni na kufunuliwa asubuhi. Tahadhari: funika mche, usitandaze nyasi ardhini tu. Matandazo huzuia joto la ardhi lisipande kuufikia mmea, na hapo unauongezea baridi. Wengine huwasha moto ili watoe moshi. Moshi hausaidii kitu, ni macho tu yanayoumia.

Basi darasani tulimsaidia mama kuandika jibu. Tulimwambia kijana asing'oe. Jani likifa, shina lililo chini ya udongo huweza kuwa hai na kuchipua tena. Angoje siku saba mpaka kumi. Wakati huo achimbe mashina mawili matatu atazame. Kama viazi vimefika kiasi cha kuliwa na majani yote yamekufa, avune, kwa kuwa havitakua tena. Kama bado ni vidogo, aangalie machipukizi. Mwenye mche wa parachichi naye asikimbilie panga. Matawi yaliyoungua yaachwe mpaka machipukizi mapya yaonyeshe mpaka wa uhai na kifo, ndipo akate.

Mama aliandika mwenyewe, tukimsahihishia herufi mbili tatu. Baada ya siku tisa jibu likaja, naye akatusomea: "Mama, mistari ya juu inachipua. Ya chini hakuna kitu. Nimemwona mzee mmoja ana kipande mteremkoni, nimemwambia anisubiri mpaka nivune hivi vilivyobaki."

Yule mzee aliyecheka akauliza mteremko huo unakodishwa kwa shilingi ngapi.