Msibani Rungwe: mkono wa mtu au mkono wa Mungu?

Hudhuria msiba wowote wilayani Rungwe, uwe Kiwira, Masoko, Mwakaleli au pale Tukuyu mjini, na utasikia kauli mbili. Ya kwanza inasemwa hadharani, kwenye kipaza sauti, na mchungaji au mzee wa kanisa: kazi ya Mungu haina makosa. Ya pili inasemwa kwa sauti ya chini usiku, kwenye moto ambako wanaume wamejifunika makoti kuikimbia baridi ya Juni: hapa kuna mkono wa mtu. Na mara nyingi wanaozisema zote mbili ni watu walewale. Mchana wameimba kwaya, usiku wanahesabu nani aligombana na marehemu, nani hakuja kumwona alipolazwa, shangazi gani alitazama vibaya siku ya harusi.

Historia ya Ukristo wa Rungwe kwa zaidi ya miaka 130 iko hapo, katikati ya kauli hizo mbili. Wanaohesabu makanisa wataona ushindi mkubwa. Mimi naamini ushindi wenyewe unapimwa kwenye ule moto wa usiku.

Kwa macho ya mgeni, Rungwe ni mahali ambapo kuamini maongozi ya Mungu si kazi ngumu. Mlima Rungwe unapanda hadi mita 2,960 hivi, na udongo wake ni wa volkano. Mvua ya Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazijawahi kukiota. Migomba inazunguka kila nyumba, chai imetandazwa Katumba, viazi na parachichi vinateremka barabarani kwa malori. Juu ya mto Kiwira, lava ya kale iliganda ikaacha daraja la mawe ambalo hakuna fundi aliyelijenga, na watu wakaliita Daraja la Mungu.

Lakini neema ya ardhi haikuwahi kuondoa hofu. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walioishi na Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, kati ya 1934 na 1938 waliandika kwa kirefu jinsi hofu ilivyokaa palepale penye shibe. Katika kitabu chake Good Company cha 1951, Monica Wilson anaeleza imani kwamba mchawi ana chatu tumboni, na chatu huyo hutamani nyama na maziwa. Ng'ombe wa jirani wakinenepa, chatu anaamka. Usiku watu wa namna hiyo hutoka kula wenzao ndotoni. Dhidi yao kijiji kilikuwa na walinzi, abamanga, watu walioaminiwa kuwa na uwezo wa kuwaona wachawi na kupigana nao wakati wengine wamelala. Na kulikuwa na kitu kingine, pumzi ya watu: hasira ya haki ya majirani juu ya mtu aliyewakosea wakwe, aliyewadharau wazazi au aliyekula karamu peke yake. Pumzi hiyo iliweza kumtia mtu homa hadi akaungama na kutengeneza mambo.

Nayataja haya kwa heshima. Wazee wetu walikuwa wanauliza swali zito kuliko maswali yote: tukilala, nani anatulinda? Tena walijua kwamba uovu una uhusiano na choyo, na kwamba ugomvi usiotengenezwa huleta maradhi. Mchungaji anayewacheka hajaelewa anahubiri kwa nani. Tatizo la imani ile lilikuwa gharama yake. Kila kifo kilidai mshtakiwa. Mtuhumiwa alinyweshwa mwavi. Akitapika amepona, asipotapika amehukumiwa. Hata maiti ilipasuliwa ili tumbo litafutwe chatu. Mtu aliyemzika mwanawe asubuhi aliweza kumpoteza dada yake jioni kwa tuhuma.

Huko ndiko Injili ilikoingia mwaka 1891. Wamoravian wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walipanda kutoka Ziwa Nyasa. Fedha za safari yao zina habari yake. Mfanyabiashara wa Breslau, Daniel Crakau, alikuwa ameacha mali yake kwa Wamoravian ili ihudumie watumwa waliokombolewa Afrika. Na kaskazini mwa Nyasa watumwa hawakuwa habari ya mbali. Miaka minne tu nyuma, mwaka 1887, Mlozi na wenzake wafanya biashara ya watumwa walikuwa wamewachinja Wangonde karibu na Karonga, na vita ile ikaendelea kwa miaka. Wamisionari wa Berlin chini ya Alexander Merensky nao waliingia mwaka huohuo wa 1891, na makundi hayo mawili yakagawana maeneo. Ndiyo maana hadi leo Rungwe ina Moravian na Walutheri bega kwa bega.

Häfner alifariki kwa maradhi mwaka huo wa kwanza. Waliobaki walijenga kituo chini ya mlima, wakahubiri, wakasubiri. Ubatizo wa kwanza Rungwe ulikuwa mwaka 1897. Miaka sita! Aliyebatizwa alikuwa mwanamke, Fiyabarema, akapewa jina jipya, Numwagire. Yeyote anayedhani kwamba maongozi ya Mungu ni mambo ya haraka na atulie kidogo hapo. Kaburi moja, miaka sita, mwanamke mmoja.

Kilichowavuta watu baada ya hapo, kwa maoni yangu, hakikuwa nyumba za matofali wala shule peke yake, ingawa shule zilifanya kazi kubwa. Walivutwa na namna Wakristo wa kwanza walivyoishi mbele ya majirani zao. Walikataa mwavi. Walipozaa mapacha, jambo lililohofiwa kiasi cha wazazi kutengwa na kufanyiwa tambiko refu ili miguu ya ndugu isivimbe, wengi wao waliacha tambiko. Walizika wafu wao bila ngoma ya mikuki. Kwa mtu wa wakati ule huo ulikuwa ni uthubutu wa kutisha. Walikuwa wameondoa ngao zote walizozijua, wakaenda kulala wakisema Mungu anatosha. Asubuhi waliamka. Wengine waliugua na kufa kama watu wote wanavyokufa, lakini waliobaki hawakwenda kumtafuta aliyewaua.

Moravian wana nembo ya mwanakondoo aliyebeba bendera, na kauli yao inajulikana na kila mtoto wa shule ya Jumapili pale Rungwe: Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Ni nembo ya watu walioonja uovu. Jan Hus, anayehesabiwa baba yao wa kiroho, alichomwa moto Konstanz mwaka 1415. Wafuasi wake walijipanga kuwa kanisa mwaka 1457, wakafukuzwa na kuwindwa kwa vizazi, hadi mabaki yao wakapata hifadhi Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722. Watu hao hawakuchagua simba kwenye bendera yao. Walimchagua mnyama anayechinjwa, wakasema huyo ndiye aliyeshinda. Ilipofika Rungwe kauli hiyo ilijibu swali la abamanga moja kwa moja: mlinzi wa usiku yupo, amekwisha kupigana, na vita hiyo haihitaji kurudiwa juu ya mgongo wa bibi kizee.

Jaribio kubwa lilikuja na vita ya wazungu. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia, yakaichukua Neu Langenburg, mji tunaouita leo Tukuyu. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Dini ya wageni itaondoka na wageni. Walimu na wazee wa Kinyakyusa wakaendelea kukusanya watu, kufundisha, kuzika na kuombea wagonjwa, hadi Waskoti wa misheni ya Livingstonia walipokuja kusaidia baada ya vita, na Wajerumani kurudi katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1939 vita nyingine ikaanza, na Wajerumani wakaondolewa tena. Kanisa likabaki. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani, na Jimbo la Kusini bado lina makao yake palepale Rungwe. Waswahili husema Mungu si Athumani. Kazi iliyodhaniwa itakufa ilipata wenyewe.

Hata hivyo uovu haukuhama. Miaka ya 1930 wachapi kutoka Nyasaland walitembea kusini mwa Tanganyika wakinywesha watu dawa ya kuondoa uchawi, na wabatizwa wakapanga foleni pamoja na wengine. UKIMWI ulipoikumba Mbeya, mojawapo ya mikoa iliyoumia zaidi, vijana walizikwa kila wiki, na familia nyingi zilizojua ugonjwa zilichagua kusema wamelogwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa ulitikiswa na mauaji ya kuchuna ngozi, binadamu wakiuawa ili viungo vyao viuzwe kwa waganga. Hapo hapakuwa na chatu wa kufikirika. Palikuwa na visu, wateja na fedha. Anayetaka kujua shetani anafanana na nini aanze hapo, maana mwuaji alikuwa mtu anayeamini sana nguvu za giza, na mganga wake vilevile.

Siku hizi hofu ileile ina soko jipya. Mafuta, maji, chumvi na vitambaa vinauzwa kwa jina la Yesu ili kumkinga mtu na jirani yake. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nawalilia, na siwalaumu waliokwenda. Walikuwa na shida za kweli. Lakini dini inayomwambia mama kwamba mkwe wake ndiye aliyemfunga kizazi imemrudisha kwenye mwavi, hata kama imebeba Biblia. Nayo makanisa ya zamani yasijione salama. Mgogoro wa Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuhusu kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya, uliofika kilele mwaka 2022, uliwagawa watu waliobatizwa kwenye kisima kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nirudi kwenye ile kauli ya kipaza sauti, kwa sababu nayo inatumika vibaya. Dereva amelewa, amepindua gari kwenye kona za kuteremka kutoka Uyole, abiria wamekufa. Tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Mjamzito amecheleweshwa nyumbani siku mbili kwa maombi, amefikishwa Makandana au Igogwe damu imekwisha, tunasema hayohayo. Hapana. Kazi ya Mungu haina makosa, lakini ile haikuwa kazi ya Mungu. Ilikuwa kazi yetu. Imani ya maongozi haijawahi kufundisha kwamba kila tendo limeandikwa na Mungu. Yusufu aliuzwa na ndugu zake, na alipokutana nao Misri hakuwaambia kwamba hawakutenda vibaya. Aliuita uovu wao kwa jina lake. Kisha akasema Mungu aliugeuza kuwa wokovu, akawapa chakula.

Ndivyo Mkristo anavyoweza kukubali kwamba wakati mwingine kweli kuna mkono wa mtu: mkono wa dereva, wa mlevi anayempiga mkewe, wa mchuna ngozi. Huo unapelekwa polisi na mahakamani, mchana, kwa ushahidi. Mkono wa kuhisiwa tu unaachwa kwa Mungu aonaye gizani. Ugomvi halisi uliokuwepo kati ya ndugu, ule ambao wazee walisema unaleta pumzi, unamalizwa kwa kupatana, kabla ya jeneza ikiwezekana. Sehemu hii ya hekima ya kale sioni kwa nini kanisa liiache.

Moravian wana desturi inayonigusa kuliko mahubiri mengi. Alfajiri ya Pasaka, kabla ya jua, wanakusanyika makaburini, matarumbeta yanapigwa, na ufufuo unatangazwa juu ya wafu wao. Waliokufa kwa malaria, kwa uzee, kwa ajali, kwa sababu zisizojulikana, wote wanatangaziwa neno moja. Hakuna anayesimama kuuliza nani alimuua nani.

Nawaomba wachungaji na wazee wa makanisa wa Rungwe na Busokelo jambo moja. Msiishie kwenye kipaza sauti. Baada ya mazishi, watu wakishakula na wageni wa mbali wakaondoka, kaeni kwenye ule moto. Mnong'ono ukianza, mzee mmoja aukate kwa jina la Bwana, palepale, mbele ya vijana. Na kama tayari kuna mama mzee aliyetajwa, nendeni mkalale nyumbani kwake usiku huo, na usiku unaofuata.