Harufu ya Kitunguu Thaumu Katika Nyama ya Kukausha

 

Baada ya Idi ya kuchinja, nyumba nyingi za Tanga, Pangani na Muheza huanika nyama iliyotiwa chumvi, ndimu na kitunguu thaumu kingi. Wanafunzi huuliza: je, mlaji wake anaingia katika katazo la kuukaribia msikiti?

Nyama yenyewe haina mashaka. Waarabu huiita qadid. Anas (R.A.) amesimulia kuwa mshonaji mmoja alimwalika Mtume (S.A.W.), na katika mchuzi mlikuwa na boga na qadid (Bukhari na Muslim).

Tuje kwenye harufu. Kitunguu thaumu kizima hakinuki sana. Kikitwangwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na aliini na kuzaa alisini, yenye harufu kali. Alisini nayo haidumu, hugeuka kuwa viini vingine vya salfa. Kimoja kati ya hivyo huingia katika damu na kutoka kwa pumzi, ndiyo maana mswaki peke yake hautoshi! Lakini kitunguu kikipikwa kizima, kimeng'enya hufa kabla harufu haijazaliwa. Umar (R.A.) alikwisha sema katika khutba yake kwamba anayetaka kukila akiue kwa kukipika.

Jua, ndugu msomaji, halipiki. Hukumu basi huifuata illa, nayo ni harufu. Aliyeipika nyama hiyo mpaka harufu ikaondoka, hana katazo. Anayeitafuna kavu karibu na swala, na pumzi yake ikanuka, imekuwa karaha kwake kuingia msikitini, ingawa chakula chake ni halali. Iliki na mdalasini za Amani hazimo katika mlango huu.

Limebaki jambo la ladha za viwandani, ambazo baadhi huyeyushwa kwa alkoholi. Semina ya fiqhi na tiba ya Kuwait, mwaka 1995, iliruhusu kiasi kidogo kinachotumika kuyeyushia, kwa kuwa balaa hilo limeenea na sehemu kubwa hupotea katika utengenezaji. Hata hivyo sisi watu wa pwani ni Mashafii, na katika madhehebu yetu kileo cha majimaji ni najisi. Kwa hiyo tunaona kujiepusha ni bora, hasa pale ambapo kinu kipo jikoni na kitunguu kinauzwa Ngamiani.