Hoja Haikaririwi

Yapo mazoea katika baadhi ya shule zetu ya kumfundisha kijana insha ya kushawishi kwa kumpa methali, naye akaizungushia maneno matamu. Hupatikana hodari wa kusifu umoja na kulaani uvivu, asiyeweza kumwonyesha msomaji kwa nini kijiji chake kinalima na mji unakula.

Ndugu walimu wa Mkoa wa Katavi wanayo hazina karibu. Katika Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, imo sehemu juu ya mkulima. Msomaji aliyekwisha kubali kuwa mabepari ni wanyonyaji anaongozwa hatua kwa hatua: mikopo ya nje hulipwa kwa fedha za kigeni, fedha hizo huletwa hasa na mazao yauzwayo nje, mazao hutoka shamba, lakini hospitali kubwa, lami na umeme viko mijini. Ndipo anapotambua kwamba mnyonyaji aweza kuwa yeye mwenyewe akaaye mjini. Hakutukanwa, wala hana pa kukimbilia.

Basi mwanafunzi aichambue hoja hiyo, kisha aipime nyumbani. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilikamilika mwaka 1950, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuchukua madini ya risasi ya Mukwamba. Ilijengwa kwa faida ya nani? Leo inamfaa nani? Mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Mishamo na mtoto wa mfanyabiashara wa Mpanda mjini hawatajibu sawa, na hapo ndipo somo linapoanza. Atakayesema kwamba mtu wa Karema naye hutibiwa mjini ajibiwe kwa ushahidi, asizomewe.

Wapo wenzangu katika Chama watakaoona si adabu kulifanya Azimio kuwa zoezi la darasani. Sioni hivyo. Sisi tuliopitia chuo cha Kurani tulihifadhi kwanza, maana ikafuata baadaye. Kwa Kitabu kitukufu utaratibu huo una heshima yake. Azimio ni hoja ya wanadamu, na mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Kijana atakayetetea uamuzi ule, na mwenzake atakayedai kwamba ulimtenga kiongozi na mkulima, wote wawili wasahihishwe kwa kalamu moja.