Teknolojia: Kifaa « kisichojulikana » kwenye kompyuta si lazima kiwe kimeharibika

Unanunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Fundi anaweka Windows upya, kiisha Wi-Fi haionekani tena. Kwenye orodha ya vifaa kuna alama ya manjano na maneno « Contrôleur réseau » ama « Périphérique PCI » tu. Wengi wanafikiri karte imekufa na wanatoa pesa kununua ingine. Lakini mara nyingi kifaa ni kizima na kimekwisha kujitambulisha, ila kimejitambulisha kwa namba.

Kila kifaa kilichofungwa kwenye njia ya PCI ndani ya kompyuta, kama karte ya picha, ya sauti, ya mtandao ama diski, kinabeba namba zake. Sheria za PCI zilitoka mwaka wa 1992, na zinasimamiwa na umoja wa makampuni unaoitwa PCI-SIG. Kati ya namba hizo kuna baiti tatu zinazosema kifaa ni cha aina gani. Baiti ya kwanza inataja jamii, ya pili inataja tawi la jamii hiyo, na ya tatu inaonyesha namna ya kuzungumza nacho.

Namba hizo zinaandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9, kisha herufi A hadi F. Jamii 01 ni vifaa vya kuweka data, 02 ni vya mtandao, 03 ni vya picha, 04 ni vya sauti na video. Tuchukue mfano wa 0C0330. 0C ni njia zinazopitisha data kwa mfululizo, 03 ni USB, na 30 ni aina ya xHCI, ile inayoendesha USB 3. Namba 010802 ni diski ya NVMe, na 020000 ni karte ya Ethernet, ile ya kuchomeka kamba.

Nani anageuza namba kuwa jina? Wa kwanza ni programu ya msingi iliyo ndani ya mashini, ile watu wanaita BIOS ama UEFI. Ukibonyeza kifungo cha kuwasha, inapita kila mahali kwenye njia ya PCI na kuuliza: kuna nani hapa? Ikipata jibu FFFF, inajua hakuna kitu. Ikipata namba ya kiwanda, inasoma zile baiti tatu na kuzitafuta katika jedwali lake. Inaanza na jamii, kisha inashuka kwenye tawi, kisha kwenye namna ya mazungumzo. Ikikwama katikati, inabaki na jina la juu, ama inaandika kwamba kifaa hakijulikani. Windows na Linux nazo zinafanya kazi ya namna hiyo kwa majedwali yao.

Hapo ndipo shida inaanzia, kwani jedwali lina umri. Sheria za kwanza za NVMe zilitangazwa mwaka wa 2011. Mashini iliyotengenezwa mwaka wa 2009 haiwezi kuwa na jina hilo, hata ukiifungia diski mpya kabisa. Zaidi ya hayo, jina peke yake haliendeshi kifaa: inahitajika piloti, ile programu ndogo inayojua kukiamrisha. Mashini hiyo inaweza kuona namba ya diski na bado ishindwe kuwaka kupitia diski hiyo.

Tena jina linaweza kuwa sahihi lakini lisisaidie sana. Karte nyingi za Wi-Fi zinabeba namba 0280, maana yake « mtandao wa aina ingine ». Ndiyo sababu Windows inaandika « Contrôleur réseau » bila kutaja Wi-Fi.

Kwa kujua kifaa hasa, fundi anaangalia pia namba ya kiwanda na ya modeli. 8086 ni Intel, namba iliyokumbusha prosesa yake ya mwaka wa 1978. 1022 ni AMD, 10DE ni NVIDIA, 10EC ni Realtek. Kwenye Windows, fungua « Gestionnaire de périphériques », ingia kwenye kifaa chenyewe, kisha « Détails », na utafute namba za utambulisho. Baada ya VEN_ kuna kiwanda, baada ya DEV_ kuna modeli, na baada ya CC_ kuna aina. Kwenye Linux, amri lspci -nn inaonyesha namba na majina pamoja. Majina hayo yanatoka katika orodha ya pci.ids, iliyoanzishwa na Martin Mareš na inayoongezewa na watu wa kujitolea.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali karte ibadilishwe, omba fundi akuonyeshe namba hizo. Zikionekana, kifaa kinajibu, na jambo la kwanza ni kutafuta piloti yake. Zikikosekana kabisa, hapo ndipo kuna sababu ya kufungua mashini: karte inaweza kuwa imelegea, imezimwa kwenye BIOS, ama kweli imekufa.

Inabaki swali la lugha. Katika EDK II, msingi ulio wazi ambao UEFI nyingi zinajengwa juu yake, jedwali la majina ya PCI limeandikwa kwa Kiingereza. Lakini UEFI yenyewe imepangwa kubeba maneno ya lugha nyingi, na Kiswahili kinaandikwa kwa herufi ambazo kila mashini inazo tayari. Kazi inayobaki ni ya watu: kukaa, kukubaliana jina la kila namba, na kuliandika.