Ndege Nyuki Juu ya Ua wa Jirani

Mwaka 1886 mwandishi wa Kifaransa, Jules Verne, alitoa hadithi ya mtu aitwaye Robur, aliyeunda chombo cha kuruka kwa mapangaboi yaliyosimamishwa juu ya milingoti 37. Mwisho wa hadithi Robur akaondoka na siri yake, akisema kuwa mataifa hayajawa tayari kuipokea. Wasomaji wakaburudika, wakafunga kitabu, wakarudi kazini.

Leo chombo cha jamaa hiyo huingia mkobani. Kijana hukirusha harusini, kikapiga picha kutoka juu ya minazi, na wazee waliokuwa wakikitazama kwa mshangao huendelea kula pilau. Hivyo ndivyo mambo ya hadithi yanavyoingia katika maisha yetu: hayapigi mbiu, bali huzoewa.

Jambo hili si uchawi. Mwaka 1924 Mfaransa Étienne Oehmichen alikwisha kurusha chombo chenye mapangaboi makubwa manne, kikazunguka njia ya kilomita moja. Lakini kilikuwa kizito na kigumu kukitawala. Kilichokosekana ni akili ya kukiweka sawasawa kila nukta. Akili hiyo ililetwa na simu za mkononi. Kwa ajili yake viwanda vilitengeneza kwa mamilioni kamera ndogo, betri nyepesi na vipimo vya kutambua mwinamo, na bei ikashuka. Mota mbili huzunguka kulia na mbili kushoto, na kompyuta ndogo huongeza au kupunguza kasi ya kila moja. Mwaka 2013 kampuni ya DJI ya mji wa Shenzhen, China, ilipotoa ndege yake iitwayo Phantom, mtu asiye fundi wala rubani aliweza kuinunua na kuirusha siku ile ile.

Faida yake hatuikatai. Mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zilianza kupiga picha za visiwa vya Unguja na Pemba ili kuchora ramani, na wanafunzi wa Zanzibar wakashiriki kazi hiyo. Mwaka huo huo Rwanda ilianza kupeleka damu hospitalini kwa vyombo vya namna hii. Mama aliyejifungua akiwa katika hatari hakuwa na haja tena ya kungoja gari lipande milima.

Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwezi Januari 2015 ndege ya kuchezea ilianguka katika bustani ya Ikulu ya Marekani. Mwezi Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa kwa sababu ya taarifa za ndege nyuki, na safari zipatazo 1,000 zikavurugika. Na tangu mwaka 2022, katika vita vya Ukraine, vyombo vilivyouzwa kwa ajili ya burudani vimefungwa mabomu na kuua watu.

Yako pia madhara yasiyotoa mlio wa bomu. Tangu zamani watu wetu wamejisitiri kwa ukuta au kwa ua wa makuti. Ndani ya ua mama huoga mtoto wake, na mgonjwa huota jua. Hakuna aliyefikiri kuwa mbingu nazo zingekuwa dirisha. Mwenye jicho la kurusha sasa aweza kuuvuka ukuta wa mtu bila kubisha hodi.

Serikali zetu hazikulala. Tanzania humtaka mrushaji apate kibali, na Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2020. Hayo ni mema. Hata hivyo twaona kuwa sheria ina kazi mbili. Kwanza, imlinde mnyonge ndani ya ua wake, na mahali pa kushtaki pajulikane hata na asiye na wakili. Pili, isiwe mlango wa matajiri peke yao. Mkulima atakaye kukagua shamba lake, na kijana atakaye kujifunza kuunda na kutengeneza chombo hiki, wapate kibali kwa gharama wanayoimudu. Tukizuia tu, tutabaki wanunuzi wa vilivyobuniwa na wengine.

Robur aliondoka na siri yake. Siri ya leo inauzwa dukani, wala hakuna wa kutungojea mpaka tuwe tayari. Basi hatuna budi kujitayarisha wenyewe, kwa elimu, kwa sheria na kwa adabu ya jirani kwa jirani.