Nyuzi za Kitanzi Zisipoonekana

Kitanzi, ambacho wengi hukiita lupu, huwekwa ndani ya mfuko wa uzazi ili kuzuia mimba. Chenye shaba aina ya T 380A hukinga kwa miaka 10 au zaidi, na wanawake walio wengi hukitumia kwa usalama. Hata hivyo kitanzi huweza kuhama, na ni haki ya mtumiaji kulijua hilo kabla ya kuwekewa.

Kitanzi huhamaje?

Mara nyingine mfuko wa uzazi hukisukuma nje, chote au nusu. Jambo hili humpata takriban mwanamke 1 kati ya 20, hasa katika miezi ya mwanzo. Kilicho nadra zaidi ni kutoboa ukuta wa mfuko wa uzazi, ambako hutokea takriban mara 1 katika kila uwekaji 1,000. Mama anayenyonyesha au aliyejifungua karibuni yumo katika hatari kubwa zaidi. Hivyo amweleze mtoa huduma mapema. Kikipenya, kitanzi hubaki tumboni. Uvumi kwamba hupanda hadi moyoni si wa kweli.

Dalili ni zipi?

Ni maumivu makali ya tumbo, damu isiyo ya kawaida, nyuzi kurefuka, kufupika au kutoweka, na ncha ngumu kuguswa ukeni. Wengine hawasikii maumivu yoyote. Kwa hiyo tunashauri nyuzi zikaguliwe kwa kidole safi kila baada ya hedhi, bila kuzivuta.

Nyuzi zikikosekana

Mama wa Nkende asikate shauri kwamba kitanzi kimeanguka chooni. Huenda nyuzi zimejikunja tu. Huenda pia kitanzi kimo tumboni. Atumie kondomu na aende kituo cha afya, apimwe mimba na ultrasaundi. Kisipoonekana mfukoni, apigwe eksirei ya tumbo katika hospitali kama zile za Tarime mjini. Asikubali kuwekewa kitanzi cha pili kabla cha kwanza hakijajulikana kilipo. Kilichopenya hutolewa kwa upasuaji. Akikosa hedhi na kuumwa tumbo, asingoje: huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Tunza kadi yenye tarehe ya kuwekewa. Madhara yakitokea, mwombe mtoa huduma ayaripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).