Mdharau Mwiba: Kucha za Miguu na Buti za Kipevu

Wahenga wetu walinena kwamba mdharau mwiba, mguu huota tende. Methali hii twaijua sote tangu utotoni, na mara nyingi twaitumia kumwonya mtu anayepuuza jambo dogo. Leo, msomaji mpenzi, tuitazame kwa maana yake ya waziwazi kabisa, yaani maana ya mguu. Kuna maradhi yanayoingia mguuni kimya kimya, hayaumi mwanzoni, hayaleti homa wala hayamlazi mtu kitandani, na kwa sababu hiyo hudharauliwa mwaka baada ya mwaka. Ni maradhi ya kuvu ya kucha, ambayo wengi wetu huyaita fangasi.

Mahali pafaapo kuyaanzia mazungumzo haya ni Kipevu, bara ya magharibi ya Mombasa, upande wa Changamwe. Kipevu ni mahali pa kazi nzito. Hapa ndipo yanapoteremshwa mafuta ya meli, hapa ndipo kilipojengwa kituo cha umeme cha Kipevu III kilichoanza kazi mwaka 2011, na hapa ndipo kilipofunguliwa kituo cha pili cha makontena cha bandari mwaka 2016. Kazi za namna hiyo hazifanywi kwa makubadhi. Usalama wataka buti nzito zenye chuma mbele, na penye maji au grisi, buti za mpira. Mtu huzivaa zamu nzima, katika joto ambalo mwezi wa Machi hupita digrii 30 na hewa ya bahari imejaa unyevu. Mguu ulio ndani hutota jasho. Kuvu haihitaji nyumba bora kuliko hiyo.

Miguu ya wazee wetu

Mswahili hakuzaliwa na buti. Wazee wetu walivaa makubadhi ya ngozi, nayo huacha vidole vikipigwa na upepo. Nyumbani na chooni walivaa mitalawanda ya mbao, ili mguu usikanyage sakafu yenye maji. Na usafi wa miguu ulijengwa hata katika misikiti. Anayezuru magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ataona katika msikiti mkuu birika la maji, na karibu yake mawe ya matumbawe ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia kusali. Hiyo ni kazi ya waashi wa karne nyingi zilizopita.

Kwa hiyo utamaduni wetu haukuwa na upungufu katika kuosha miguu. Lakini ulikuwa ni utamaduni wa mguu ulio wazi, mguu unaooshwa kisha ukakaushwa na upepo wenyewe. Buti iliingia baadaye na kuuzuia upepo huo. Maji yale yale yaliyokuwa hayana neno katika makubadhi, sasa hufungiwa ndani ya soksi.

Kuvu yafanyaje kazi

Kuvu ni kiumbe hai, si mmea wala mnyama. Ile inayopenda kucha chakula chake ni keratini, kitu kilichoumba kucha, nywele na hata pembe za ng'ombe. Mara nyingi haianzi kwenye ukucha. Huanza katikati ya vidole, hasa baina ya kidole kidogo na jirani yake, ambapo ngozi huwa nyeupe, ikawasha na kubanduka. Isipotibiwa, hutambaa hadi chini ya ncha ya ukucha, kisha husonga taratibu kuelekea shinani. Ukucha hugeuka rangi ukawa wa manjano au kahawia, ukanenepa, ukainuka na kusagika kama chokaa ya ukuta wa zamani.

Huhamia kwa mtu mwingine kupitia sakafu zilizolowa, kandambili za kuazimana, taulo moja kwa watu watatu, na mkasi wa kucha unaozunguka nyumba nzima.

Lakini si kila ukucha mbaya una kuvu. Takriban nusu tu ya kucha zilizoharibika huwa na maradhi haya. Nyingine ziligongwa na chuma ya buti, au zimebanwa na kiatu kidogo, au mwenyewe ana ugonjwa wa ngozi. Ndiyo maana daktari mwangalifu hukwangua unga kidogo wa ukucha na kuupeleka maabara kabla ya kumwandikia mtu dawa za miezi.

Udhu na kitambaa

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwetu. Mfanyakazi Mwislamu wa Kipevu huosha miguu yake kazini kwa sala ya Adhuhuri na Alasiri. Udhu wenyewe ni rafiki wa mguu: tumefundishwa kupitisha kidole baina ya vidole vya miguu ili maji yafike, na pale hasa ndipo kuvu inapojificha. Tumefundishwa pia tusipitishe siku 40 bila ya kukata kucha. Mwenye kuyatekeleza haya kwa makini huiona miguu yake mara kadhaa kwa siku, na hawezi kusema hakujua.

Tatizo huja baada ya udhu. Kengele ya kazi inangoja, na mtu huingiza mguu unaochuruzika maji katika soksi, kisha katika buti. Wengine huona kwamba kujifuta ni kuupunguza udhu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika Pwani yetu, wameona ni bora kuacha kujifuta, lakini hawakuharamisha kujifuta, na mwenye haja, kama vile anayeogopa baridi, hana lawama. Mwenye kuvu baina ya vidole ana haja pia. Anayetaka kutuliza moyo amwulize sheikh wake. Naamini hatarudi na jibu la kuiacha miguu yake ioze.

Basi dawa ya kwanza ni kipande cha leso kuukuu, kisafi, kinachokaa mfukoni. Baada ya udhu, futa kila upenyo wa vidole mpaka ukauke, kisha vaa soksi kavu. Chukua jozi mbili za soksi za pamba kazini, na ubadilishe saa sita. Ukiweza kupata jozi mbili za buti, moja ivaliwe leo na nyingine ianikwe. Na mahali pa kutawadhia uingie na kandambili zako mwenyewe.

Hina yaficha mengi

Kwa akina mama na dada zetu, kuvu ina pazia lake. Ukucha uliopakwa hina huwa mwekundu kwa miezi, na manjano ya maradhi hayaonekani. Bibi harusi hufika kwa somo wake akiwa na ukucha mnene, ukapakwa, ukapendeza, na maradhi yakaendelea chini ya urembo. Hina haina kosa. Ni rangi tu, haizuii maji ya udhu, na katika maabara imeonekana kuwa na nguvu kiasi dhidi ya kuvu. Lakini haijathibitika kwamba huponya ukucha, kwa hiyo isitegemewe kama tiba. Piko iliyochanganywa na dawa ya nywele ni jambo jingine: yaweza kuunguza ngozi na kuleta malengelenge.

Rangi ya kucha ya dukani nayo huzuia maji yasifike kwenye ukucha, na huficha vilevile. Mwenye shaka na aache ukucha mmoja bila hina wala rangi kwa miezi michache autazame.

Tiba na subira

Kuvu ikiwa bado katikati ya vidole, mshukuru Mungu. Krimu ya klotrimazoli, au ile dawa ya zamani iitwayo Whitfield, ikipakwa kwa wiki kadhaa bila ya kuruka siku, mara nyingi huimaliza. Lakini ikishaingia chini ya ukucha, krimu haipenyi. Wala usijaribu mafuta ya taa, dawa ya kufulia nguo au maji ya betri. Hayo huunguza nyama na kuiacha kuvu ilipo.

Dawa inayotegemewa zaidi leo ni vidonge vya tabinafini, miligramu 250 kila siku kwa wiki 12 kwa kucha za miguu. Havinunuliwi kiholela dukani. Daktari hupima ini kwanza, na mgonjwa akiona macho ya manjano au mkojo mweusi huacha na kurudi hospitali mara moja. Ni kidonge kimoja kwa siku, kwa hiyo hata katika Ramadhani chaweza kumezwa baada ya futari. Wazee watakumbuka griseofulvini, iliyoanza kutumiwa na binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa kucha za miguu ilihitaji kumezwa mwaka mzima au zaidi. Vidonge vya ketokonazoli visitumiwe kwa kucha: tangu mwaka 2013 vimewekewa vizuizi Ulaya na Marekani kwa kudhuru ini.

Kuna pia rangi za dawa za kupaka, zifaazo ukucha ulioathirika kidogo. Baadhi hufanya utando, na mwenye kusali budi aulize hukumu yake. Nyingine, za siklopiroksi inayoyeyuka kwa maji, hutaka zikae saa sita tu. Ukipaka baada ya Isha, zimekwisha fanya kazi kabla ya udhu wa Alfajiri. Mwulize mfamasia kama anazo.

Wengi hushindwa kwa kukosa subira. Ukucha wa mguu hukua kama milimita moja na nusu tu kwa mwezi. Ule wa dole gumba hutaka mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kuota wote. Mtu humaliza dawa, akautazama ukucha, akauona bado mbaya, akasema dawa ni ya bure. Mbaya ule ni wa zamani. Tazama shinani: ukiona ukucha safi unachomoza, jua kwamba dawa imefanya kazi, na uukate ule mbovu kadiri unavyosogea mbele.

Mwenye kisukari asingoje

Kwa mtu mwenye kisukari jambo hili si la urembo hata kidogo. Miguu yake huenda imekufa ganzi. Ukucha mnene hubonyeza nyama ndani ya kiatu, ukachimba kidonda asichokisikia, vijidudu vikaingia, na mwisho wake ukawa ni kukatwa kidole au mguu. Huyo asikate kucha nene peke yake, wala asiende na wembe wa jirani. Na aende hospitali, na kila siku amwombe mtoto au mjukuu amtazamie nyayo.

Basi tuyarudie makubadhi yetu tukifika nyumbani, tuifute miguu kabla ya buti, na kila nyumba kila mtu awe na mkasi wake. Mwiba ni rahisi kuutoa ungali mdogo.